Mkahawa wa Mtaa na Kiti cha Mtoto

Jina la Japani likitajwa mjini Bunia, wengi wetu tunakumbuka kwanza magari ya Toyota yanayopambana na matope ya barabara ya Mahagi. Vijana wetu wanakumbuka kitu kingine: kipande cha samaki mbichi juu ya tonge la wali, jinsi wanavyokiona katika simu zao. Hapo mabishano huanza. Mmoja anasema kula samaki asiyepikwa ni kinyaa. Mwingine anasema hicho ni chakula cha matajiri, hakituhusu. Tunawaomba ndugu wasomaji wayaweke kando mabishano hayo kwa muda, kwa maana kuna Japani nyingine isiyoonyeshwa sana, nayo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Ni Japani ya mkahawa mdogo wa mtaani.

Wenyewe wanauita shokudo, maana yake chumba cha kulia chakula. Penye mikahawa mingi ya namna hiyo hutundikwa mlangoni pazia fupi la kitambaa. Likiwapo, watu wanajua kwamba jiko linawaka na kila apitaye anakaribishwa. Ndani mna meza chache, na mara nyingi ubao mrefu mbele ya jiko, ambapo wageni huketi bega kwa bega wakimtazama mpishi akifanya kazi yake. Mgeni hupewa kitambaa chenye unyevu ili afute mikono. Kisha huletewa sinia: bakuli la wali, supu ya soya iliyochachuka, kipande cha samaki wa kuchoma, mboga kidogo zilizotiwa chumvi. Karani huketi karibu na fundi wa nyumba, na mwanafunzi karibu na mzee aliyefiwa na mke wake ambaye hapendi kula peke yake. Mwaka 2013 UNESCO iliyaandika mapokeo ya chakula cha Wajapani katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini mzee huyo haendi pale kwa ajili ya sifa za dunia. Anakwenda kwa sababu mpishi anamjua kwa jina, na siku asipoonekana, mtu ataulizia habari zake.

Wajapani wana maneno mawili ya mezani yanayostahili kufikiriwa. Kabla ya kula husema itadakimasu, neno la unyenyekevu lenye maana ya kupokea. Wakimaliza husema gochisosama. Ndani ya neno hili la pili imefichika maana ya kale ya kukimbia huku na huko: mlaji anawashukuru wale waliopiga mbio ili chakula kipatikane. Analipa fedha zake, na bado anashukuru, kwa kuwa anatambua kwamba fedha haziwezi kulipa mbio zote.

Iko mikahawa ya Kijapani katika miji ya jirani pia, Kampala na Nairobi, lakini huko mara nyingi wateja wake ni watu wenye uwezo, wageni na wafanyakazi wa mashirika. Jambo hilo halishangazi: viungo vingi vinatoka mbali, na kitu kinachotoka mbali huuzwa ghali. Basi tukitafuta Bunia kitu kinachofanana kweli na shokudo, tusitafute samaki mbichi. Tutafute mahali ambapo mtu wa kawaida anakula mlo wa kawaida kwa bei anayoiweza, karibu na mtu ambaye hakumchagua. Mahali hapo tunapo tayari.

Tunapaona kandokando ya Boulevard ya Libération, nyuma ya soko kuu, Lumumba, Nyakasanza, Mudzipela na katika mitaa mingine yote ya mji wetu. Ni banda la mbao lenye bati, benchi mbili ndefu, meza yenye kitambaa cha plastiki, sufuria tatu juu ya makaa, na mama mmoja anayejua nani anapenda pilipili na nani hapendi. Anapakua ugali wa muhogo, yaani fufu, pamoja na sombe, maharage, makayabu au samaki wa ziwani. Siku njema kuna nyama. Watu wengi wanaingia pale kama wanavyoingia kununua muda wa simu: wanakula haraka, wanapangusa mdomo, wanaondoka. Hawajiulizi wameketi wapi.

Tuitazame sahani ile kwa makini. Samaki wake ametoka Ziwa Albert, kwa wavuvi wa Tchomia au Kasenyi, akaletwa na pikipiki kabla jua halijawa kali. Maharage na kabichi vimeteremka kutoka milima ya Djugu. Mafuta ya mawese na ndizi vimetoka upande wa msitu, Irumu na Mambasa. Nyama ni ya ng'ombe aliyelishwa katika malisho ya wafugaji. Mchele au chumvi huenda vimevuka mpaka kutoka Uganda. Mvuvi, mkulima, mfugaji, mtu wa msituni na mchuuzi wa mpakani, wote wamepiga mbio kwa ajili ya sahani moja. Hakuna kabila la Ituri linaloweza kusema: sahani hii ni yetu peke yetu. Na barabara inapofungwa kwa risasi, mwenye kutupa habari wa kwanza ni yule mama: kipande cha samaki kinakuwa kidogo, au maharage yanakuwa majimaji, au bei inapanda.

Tunaandika haya tukijua mji wetu umetoka wapi. Katika vita vya 1999 hadi 2003, mitaa ya Bunia iligawanyika kwa makabila, na kuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kuliweza kumgharimu mtu uhai wake. Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, mamia ya watu waliuawa mjini kwa siku chache, hata nchi za Ulaya zikaleta askari wa operesheni Artemis kuanzia Juni hadi Septemba mwaka ule. Tangu Desemba 2017 moto umewaka tena katika Djugu, na maelfu ya ndugu zetu wameacha mashamba yao. Wengi wanaishi katika mahema ya Kigonze, hapa hapa mjini. Katika historia kama hii, swali la nani anaketi karibu na nani siyo dogo.

Kuna hofu ambayo hatuisemi hadharani, lakini kila mmoja anaijua: hofu ya sumu. Mashariki yote ya nchi yetu imejaa habari za watu waliodhaniwa kutiliwa kitu katika chakula au kinywaji. Hatuko hapa kuthibitisha wala kukanusha kila habari. Tunasema tu kwamba hofu hiyo imefanya kazi mbaya kuliko sumu yenyewe. Imewafundisha watoto wetu kuuliza kwanza kabila la mpishi kabla ya kuuliza amepika nini. Mtu anapita mikahawa mitatu akiwa na njaa, anakwenda kula katika wa nne, kwa sababu pale anasikia lugha ya nyumbani kwao. Tendo hilo halikatazwi na sheria yoyote. Lakini mji ambao watu wake wote wanatenda hivyo unakuwa kambi kadhaa zilizo karibukaribu, ukiacha kuwa mji mmoja.

Mkahawa wa mtaa unaiponya hofu hiyo taratibu, pasipo hotuba. Sufuria ni moja. Mama anapakua kwa upawa ule ule, kwa huyu na kwa yule, na mgeni anaona kwa macho yake. Akirudi kesho na keshokutwa, mwili wake umejifunza jambo ambalo semina nyingi za upatanisho hazikufaulu kulifundisha: kwamba alikula kwa mkono wa asiye ndugu yake, akaamka mzima. Siku ya nne anaomba chumvi kwa jirani wa benchi. Siku ya kumi anamuuliza habari za mtoto wake mgonjwa. Sisi tunaofundisha walimu tunajua kwamba somo linaloingia kwa mazoezi linakaa kuliko somo linaloandikwa ubaoni. Na sisi Wakristu tunakumbuka kwamba Bwana wetu alilaumiwa kwa sababu ya watu aliokubali kula nao. Waliomlaumu walielewa vizuri kwamba kuketi mezani na mtu ni kumkiri kuwa mtu.

Wapo ndugu watakaotupinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza atasema: mahali pa kula ni nyumbani, mkahawa unawafundisha wanaume kula nyama peke yao huku watoto wao wakila majani matupu. Tunakubali kabisa kwamba baba afanyaye hivyo anaiba katika nyumba yake mwenyewe. Lakini mfanyakazi aliye mbali na nyumbani mchana, msafiri, mwanafunzi wa mji wa ugenini, mwanaume aliyewaacha wake na watoto kijijini kwa sababu ya vita, hao watakula wapi? Mkahawa haukuwekwa kuishinda nyumba; umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kwa saa ile hana nyumba karibu.

Wa pili atasema: mikahawa yetu ni michafu. Hapa tukumbuke Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Wakati ule ndoo ya maji yenye bomba na dawa iliwekwa kwenye milango mingi ya mji wetu, na hakuna aliyepita bila kunawa. Tuliweza. Sasa ndoo nyingi zimeondoka, na zilizobaki mara nyingi ni tupu. Yule Mjapani anapokea kitambaa cha mikono kabla ya chakula hata kama hakuna ugonjwa, kwa sababu ni heshima. Basi mteja aliyesoma, badala ya kumdharau mama kwa uchafu, amwombe maji kwa upole, na akiweza achangie sabuni. Usafi utarudi ukidaiwa na wateja wenyewe kila siku.

Tunafika sasa kwenye jambo linalotugusa zaidi. Kwenye milango ya mikahawa yetu husimama watoto. Hawasemi neno, wanatazama sahani. Wengine ni wa mahema, wengine ni wa nyumba za jirani ambako moto haujawashwa tangu jana. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020 elimu ya msingi imetangazwa kuwa bure katika shule za Serikali, na madarasa yamejaa. Lakini tumbo tupu halisikii somo la hesabu, awe mwalimu wake hodari namna gani. Kwa kawaida mtoto wa mlangoni hufukuzwa kwa mkono, kama kuku. Anayemfukuza si lazima awe na roho mbaya. Anaona aibu kula akitazamwa.

Wajapani, pamoja na utajiri wao, walikutana na mtoto huyo huyo. Mwaka 2012, kwa kipimo cha serikali yao wenyewe, mtoto mmoja hivi kati ya sita aliishi katika umaskini. Shule zao hutoa chakula cha mchana, kwa msingi wa sheria ya mwaka 1954. Lakini jioni na siku za mapumziko mtoto wa maskini alibaki na njaa yake. Mama mmoja mwenye duka la mboga katika wilaya ya Ota, jijini Tokyo, jina lake Kondo Hiroko, alisikia kutoka shule ya jirani habari za mtoto aliyekuwa akila ndizi tu anapokuwa nje ya shule, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Hakungoja wizara. Mwaka huo huo wa 2012 alifungua dukani mwake mkahawa wa watoto, mahali ambapo mtoto anaweza kuingia peke yake na kula chakula cha moto kwa bei ndogo sana. Wengine walimwiga, mtaa kwa mtaa: katika kumbi, mahekalu, makanisa na mikahawa ya kawaida. Kufikia mwaka 2023 mahali pa namna hiyo palikuwa zaidi ya 9,000 nchini kote.

Hekima yao kubwa iko katika jambo moja. Sehemu nyingi kati ya hizo hazimwulizi mtoto kama ni maskini. Anayekuja anakula, awe wa tajiri au wa fukara, hata wazee wanakaribishwa. Kwa kuwa wote wanaingia, kuingia hakumtii mtu aibu. Mtoto aliye na njaa anaketi katikati ya wenzake, na hakuna anayemnyoshea kidole. Nasi tunajua jinsi misaada inavyotolewa kwetu mara nyingi: foleni juani, orodha ya majina, picha ya mtoto akishika sahani. Hatuwadharau wanaotusaidia, bila mashirika makubwa wengi wangekufa. Lakini mashirika huja na kuondoka kadiri fedha zao zinavyopatikana. Mama wa mkahawa yupo kila siku, na mtoto anamjua.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya vikundi vyetu na jumuiya zetu mambo matatu, yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni haki kabla ya ukarimu: tulipe madeni. Mishahara ya watumishi wa Serikali, walimu wakiwamo, huchelewa, na mama wengi wa mikahawa hulisha watu kwa daftari mwezi mzima. Kuna wateja ambao mshahara ukifika wanabadilisha njia wasipite mbele ya banda lile. Mama hana polisi wala wakili. Ana daftari tu, na mtaji wake unakufa humo. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipa aongeze neno la shukrani kwa mbio zote zilizopigwa.

La pili, kila mmoja wetu achague, walau mara moja kwa juma, kula katika mkahawa wa mama asiye wa kabila lake, na kuketi kwenye benchi moja na mtu asiyemjua. Viongozi wa jumuiya watangulie, kwa maana kondoo hawatavuka mto ambao mchungaji anauogopa. Anayeona jambo hili kuwa dogo ajiulize kwa nini hajalifanya.

La tatu, kila jumuiya ipatane na mama mmoja wa mtaa wake kuhusu sahani ya mtoto, siku moja kwa juma kwa kuanzia. Mteja mwenye uwezo aongeze faranga kidogo juu ya bei ya chakula chake. Mama aziweke kando. Siku ile ikifika, watoto waketi. Mama alipwe bei ya haki, kwa kuwa hatuna ruhusa ya kufanya sadaka kwa jasho la mwingine. Pasiwe na orodha wala picha, na mtoto asiulizwe anatoka kijiji gani. Watoto wetu wenyewe, wenye chakula nyumbani, waje pia na kuketi humo, ili pasiwepo benchi la maskini na benchi la wengine. Tukianza na watoto kumi, tuwalishe vizuri hao kumi.

Hatudai kwamba sahani ya maharage italeta amani ambayo majeshi na mapatano mengi hayajaileta. Wenye bunduki hawatazitupa kwa sababu ya fufu. Lakini wale watakaoombwa kushika bunduki miaka kumi ijayo ni watoto wanaosimama mlangoni leo. Mtoto aliyelishwa na mama wa kabila lingine, mbele ya watu wote, kwenye benchi moja na watoto wa kabila hilo, atakuwa na jambo la kumjibu mtu atakayekuja kumwambia kwamba wale ni adui zake. Atasema: hapana, mimi nimekula kwao. Jibu hilo tunaweza kumpa sisi, kwa bei ya sahani moja, na mkahawa wa kuanzia uko katika mtaa wa kila mmoja wetu.